Mzozo Sanifu wa Bati la Shebe

"Miaka kumi na moja, Shebe! Kumi na moja bati lako linanikojolea jikoni!"

"Bati halikojoi, dada Mize. Bati linapokea mvua ya Mwenyezi Mungu na kuipisha. Kama una malalamiko, yapeleke juu."

"Juu nilishapeleka. Nikajibiwa kwamba kati ya mbingu na ukuta wangu kuna fundi cherehani asiyeweza kushona hata mfereji wa bati."

"Mfereji haushonwi, unakunjwa."

"Basi ukunje!"

Hapo Mzee Ngwali akagonganisha vikombe vyake viwili vya kahawa, ka-ka-ka, na wote tukanyamaza. Ndiyo ilikuwa kengele yetu. Vikombe vikigonga, Bi Mize hurudi jikoni kukoroga chungu chake, Fundi Shebe hurudi kwenye cherehani, na sisi tuliojipanga barazani tunajaziwa upya na kuanza kuchambua nani kamshinda nani.

Wacha niwaeleze palivyo. Nyumba ya Shebe kushoto, ya Bi Mize kulia, katikati uchochoro ambao paka wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Bati la Shebe limejitokeza kidogo, kiasi cha kiganja, na mvua ikinyesha maji yote ya paa lake yanashuka kwenye ukuta wa jiko la Bi Mize, ambao ni wa fito na udongo. Mbele ya uchochoro ndipo ilipo baraza ya saruji ya Mzee Ngwali, na dele lake la shaba la kuchemshia kahawa juu ya mkaa. Mtaa wetu unaitwa Mkaamoto. Nchi sitaitaja. Nimeshauriwa na watu wanaonipenda.

Baraza ile ilikuwa na kanuni mbili tu. Ya kwanza, hupati kikombe cha pili mpaka uchague upande. Anayesema "wote wana haki" Ngwali humwangalia kama mtu aliyeomba kahawa ya maziwa.

Ya pili si ya baraza, ni ya mtaa mzima: ukishakula chakula cha mtu, kesi yako naye imekufa. Huwezi kumeza tonge lake kisha mdomo uleule ukautumia kumshitaki. Kwa hiyo Bi Mize, ambaye akipika humwita kila apitaye, hata muuza mitumba, hata askari wa kodi, kwa Shebe alikuwa akifunika chungu. Na Shebe mjane wa watu, harufu ya papa wa nazi inamjia dirishani kila adhuhuri, naye anatafuna mhogo wa kuchoma na kukaza uso. Miaka kumi na moja. Kama si mapenzi ya haki, sijui ni nini.

*

Siku moja msafara wa Mheshimiwa Tindwa ulisimama mtaani kwetu. Haukusimama kwa kupenda. Nchini kwetu misafara ina vyeo, na mdogo ukikutana na mkubwa unajibanza pembeni hadi mkubwa upite. Mheshimiwa wakati huo alikuwa Naibu Waziri wa Vitu Vinavyoweza Kuuzwa Nje, cheo kinachojibanza mara nyingi. Akashuka garini, akaketi barazani kwa Ngwali, akaomba kikombe kimoja cha kusubiria.

Msafara mkubwa ulipita baada ya robo saa. Mheshimiwa alikaa saa tatu.

Alianza upande wa Shebe. Kikombe cha tatu akahamia kwa Bi Mize. Kikombe cha tano alikuwa amesimama, tai begani, akimwambia Shebe, "Lakini ndugu yangu, mfereji wa mita tatu tu, unakushinda nini?" Huko kwenye ukumbi alikotakiwa kufungua kongamano, watu walikuwa wameshaanza kulifunga.

"Mzee," akamwambia Ngwali, "nimekunywa kahawa katika nchi ishirini na sita. Sijaonja tamu kama hii. Unaiweka nini?"

"Maji," akajibu Ngwali. "Na kahawa ya duka la kona, ileile wanayonunua wote. Mheshimiwa, kilichokuweka hapa si kahawa. Ni Bi Mize."

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Mheshimiwa alitoa kijitabu akaandika.

Wiki haikuisha, wakaja wataalamu saba. Wakapima baraza urefu, upana na ubaridi wa saruji. Wakamvalisha Bi Mize kifaa shingoni cha kupima ukali wa sauti, akakitumbukiza kwenye mchuzi. Wakapanda juu ya paa la Shebe, wakapiga picha ukingo wa bati pande zote, wakamwaga ndoo sita za maji kuona yanavyoshuka. Yalishuka jikoni kwa Bi Mize.

"Mmeona sasa?" akauliza Bi Mize, nguo zote zimelowa.

"Tumeona, mama. Safi kabisa!" Wakaandika.

Ngwali aliwasaidia kwa moyo mmoja. Aliwaeleza kanuni ya kikombe cha pili, wakaiandika. Alipowaeleza kanuni ya chakula, kwamba wagomvi wa Mkaamoto hawalishani na wakilishana basi tena, mtaalamu mkuu alifunga kalamu.

"Hiyo hatuiandiki, mzee."

"Ndiyo yenyewe lakini. Bila hiyo hamjui mambo haya yanakwishaje."

"Sisi ni wa vinywaji. Chakula ni Wizara nyingine."

*

Hivyo likazaliwa Shirika la Kahawa ya Baraza ya Taifa, KABATA, na Mheshimiwa Tindwa akawa Mwenyekiti. Tawi la kwanza lilifunguliwa mjini, chini ya ghorofa la vioo, na baraza ya marumaru inayopozwa na mashine. Utepe ukakatwa, hotuba ikasomwa. Watu wakaja, wakanywa kikombe kimoja, wakatazamana, wakaondoka. Marumaru inabana mbavu na hakuna wa kugombana.

Mheshimiwa akaelewa. Akaagiza Bi Mize na Shebe wanakiliwe.

Ndipo ukatoka *Mzozo Sanifu, Toleo la Kwanza*, kitabu chenye jalada la dhahabu, mistari arobaini na nane, kila mstari na maelekezo yake. Mstari wa kwanza: "Miaka kumi na moja, Shebe!" Mtamkaji ashike kiuno kwa mkono wa kulia. Mstari wa tatu: "Bati halikojoi." Mtamkaji asitazame juu. Kikafunguliwa Chuo cha Taifa cha Mzozo, stashahada miaka miwili, na vijana wetu waliokosa kazi za uhasibu wakawa wanaamka asubuhi kusomea ubishi wa majirani zangu. Ukipita nje ya uzio ulikuwa unasikia wasichana mia mbili kwa sauti moja: "Basi ukunje!"

Na ikapendwa! Nasema kweli, nami inaniuma kusema. Kila tawi lilijengwa na kipande cha bati na ukuta wa fito na udongo, mvua ya bomba ikafunguliwa saa nne asubuhi na saa kumi jioni, Mize na Shebe wa mshahara wakaanza. Nchi jirani wakafungua matawi matano. Nchi ya jangwa, ambako mvua wanaisikia kwenye habari, wakafungua kumi na mawili, watu wakiyaangalia yale maji ya bati na kulia. Binti mmoja wa mtaani kwetu aliyepelekwa nchi ya theluji kuwa Mize alitupigia simu kwamba maji yameganda ukingoni mwa bati, na meneja amebandika tangazo kuwa ugomvi umeahirishwa hadi Aprili.

"Kwani wewe ukiamua kugombana sasa hivi?" tukamwuliza.

"Bila maji? Nitafukuzwa kazi. Mkataba unasema nikasirike kwa sababu."

Redioni, Mwenyekiti Tindwa alitangaza kwamba nchi yetu sasa inaongoza duniani kwa kuuza nje hasira iliyochakatwa. Zamani, alisema, tulikuwa tukiitumia yote hapahapa ndani, tena ikiwa ghafi. Wasikilizaji wakapiga simu kumpongeza. Mmoja aliyepiga kuuliza habari za mkulima wa kahawa alikatika, mtandao ulikuwa mbaya.

*

Sasa nirudi Mkaamoto, maana nyie mnacheka na mimi nina hasira.

Masika ya mwaka ule ukuta wa jiko la Bi Mize ulipasuka. Ufa ulianzia juu, pale bati linapomwagia, ukashuka hadi nyuma ya mafiga. Bi Mize akaushikiza kwa miti miwili, akaendelea kupika upande mmoja, akikwepa. Asubuhi moja hakutoka kugombana kabisa. Tulimsikia tu anakohoa moshi huko ndani na tope linadondoka, po, po. Shebe alikuja uchochoroni akachungulia ule ufa. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akaenda kwake, na adhuhuri tukasikia nyundo.

Alikuwa anakunja mfereji.

Jamani, siku hiyo barazani hakuna aliyemaliza kikombe. Mita tatu za bati jipya, limekunjwa vizuri kama pindo la suruali ya bwana harusi. Shebe akaegemeza ngazi, akapanda, misumari mdomoni. Bi Mize akatoka, akashika ngazi kwa chini. Hakusema asante. Alisema, "Ukianguka usiniangukie mimi." Lakini alishika.

Msumari wa kwanza haujazama, gari la KABATA likaingia.

"Shuka!" akasema mkaguzi. "Shuka pole pole, usiguse ukingo!"

"Narekebisha nyumba yangu," akasema Shebe.

Mkaguzi akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ya msikitini: "Sheria ya Kulinda Mizozo Yenye Manufaa, kifungu cha tisa. *Bati la Shebe, ukingo wake, na maji yatokayo humo ni urithi wa taifa. Havitaguswa, havitazibwa wala kuelekezwa kwingine maadamu mzozo unaendelea.*"

"Na jiko langu?" akauliza Bi Mize.

Mkaguzi akapekua. "Jiko halikutajwa, mama."

Wakauchukua mfereji, askari wanne, kila mmoja ameshika kwa vidole viwili kama nyoka aliyekufa. Ukawekwa kwenye kioo makao makuu, na kibao: *Jaribio la Hujuma.* Walipokuwa wanaondoka wakaifunga baraza ya Ngwali kwa mnyororo, kwa kuwa ilikuwa ikiendesha biashara inayofanana mno na KABATA. Ngwali alipewa cheti cha Mwasisi Mstaafu, chenye fremu, na dele lake likasafirishwa kwenda ofisi kuu ya kimataifa, ambayo kufikia hapo ilikuwa imehamia nchi ya theluji kwa sababu za kiutendaji. Vikombe viwili walivisahau. Vilikuwa mfukoni mwa kanzu yake.

*

Bi Mize akaenda ofisini kwao. Nilimsindikiza, kwa hiyo hii sikusimuliwa. Dirisha la kwanza wakatupeleka la nne, la nne likatupeleka la kwanza, ambalo lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Hatimaye kijana mmoja mwenye tai akatusikiliza.

"Malalamiko yako ni nini, mama?"

"Miaka mingi sasa maji ya bati la Shebe yananiingia jikoni, na ukuta unataka kuniangukia."

Kijana akatabasamu, akawaita wenzake. "Rudia, mama. Njooni mumsikie huyu!" Bi Mize akarudia. Wakampigia makofi.

"Umejitahidi," kijana akamwambia. "Ila umekosea mstari wa kwanza. Ni 'miaka kumi na moja', si 'miaka mingi'. Na hilo la ukuta kuanguka halimo kabisa. Una leseni lakini?"

"Leseni ya nini?"

"Ya kuutamka. Huu mzozo una mwenyewe."

"Mwenyewe si ni mimi!"

"Ndivyo wanavyosema wote."

Wakampa fomu ya kujiandikisha kwa mtihani. Shebe naye alipewa, maana ukizozana na asiye na leseni wote mna kosa. Wakafanya mtihani ukumbini pamoja na wanachuo, Bi Mize amekaa nyuma ya msichana aliyekuwa anamwigiza yeye. Yule msichana alifaulu kwa daraja la juu. Bi Mize alipata thelathini na moja kwa mia, Shebe ishirini na nane. Kwenye karatasi ya Bi Mize msahihishaji aliandika: *Hana uhalisia.*

Hivyo wakakatazwa kugombana. Bati linamwaga, ukuta unapasuka, na mwenye ukuta haruhusiwi hata kupiga kelele. Tulipomwuliza mkaguzi, sasa kama hawagombani, mzozo si umekwisha? Akasema hapana, mzozo unaendelea katika matawi mia mbili na kumi. Utakwisha siku wenyewe watakapopatana, jambo ambalo wataalamu wamethibitisha kuwa haliwezekani, kwa sababu katika kitabu hakuna mstari wake.

*

KABATA ilipotimiza miaka kumi, Mwenyekiti Tindwa, ambaye sasa ni Mwenyekiti wa Dunia Nzima, alileta wabia kutoka nchi saba kuuona mzozo wenyewe, mahali penyewe, kwa vinywa vyenyewe. Bi Mize na Shebe wakaletewa kibali cha siku moja cha kuzozana, saa tano hadi saa tano na nusu, na mkaguzi akawakabidhi kitabu wakakumbuke mistari.

Jioni ya kabla yake ukuta ulianguka.

Haukumuumiza mtu, namshukuru Mungu. Ulilala chini mzima, na chungu chini yake kikapasuka. Wa kwanza kufika alikuwa Shebe. Alichimbua mafiga kwenye tope kwa mikono yake ya kushonea, akayaosha, akayapanga chumba cha mbele cha Bi Mize, kando ya kitanda. Kisha akaenda kwake bila kuambiwa karibu wala kwaheri.

Asubuhi, mvua. Mvua ya masika haswa, ile inayopiga bati mpaka unazungumza kwa mikono. Wageni wakapangwa kwenye viti chini ya turubai, wamevaa makoti. Walikuwa wametoka hotelini alfajiri bila kifungua kinywa, waje wakifungue hapa, na hapa palikuwa na kahawa tupu. Maandazi hayakuja. Vinywaji vilikuwa vya KABATA, lakini chakula kilikuwa cha Wizara nyingine, na Wizara ile haikuwa imepata barua.

Mwenyekiti akahutubia. Akasema ukuta huu ni alama ya uthabiti wetu. Msaidizi akamnong'oneza. Akasema ukuta huu ulikuwa alama ya uthabiti wetu. Akakaribisha mzozo.

Shebe akatoka, akasimama upande wake. Maji ya bati yanashuka uchochoroni juu ya lundo la udongo, hayana tena cha kubomoa. Bi Mize akatokea mlangoni kwake na mwiko mkononi. Nyuma yake harufu ikatoka, papa wa nazi na wali wa moto, ikapita chini ya turubai kiti hadi kiti. Mbia mmoja akafumba macho.

Mwenyekiti akainama mbele. "Miaka kumi na moja…" akamkumbusha Bi Mize kwa sauti ya chini. "Mama. Miaka kumi na moja…"

"Ishirini na mbili," akasema Bi Mize. "Nani anahesabu tena." Akamtazama jirani yake. "Shebe."

"Naam, dada."

"Umekula?"

Sisi wa Mkaamoto tulishika vinywa. Wageni wakafungua vitabu vyao vya dhahabu kuutafuta mstari huo.

Shebe alimeza mate. "Tangu jana mchana. Mhogo."

"Basi usisimame mvuani kama nguo iliyosahauliwa. Njoo ule."

Alitazama bati lake. Alitazama pale ulipokuwa ukuta. Mwanamume huyu alikuwa na hoja zilizochapishwa kitabuni, zinanukuliwa hadi kwenye theluji, na zote zilikuwa zinaishia mlangoni pale. Akavua makubadhi, akayapanga vizuri kizingitini, akaingia.

Mzee Ngwali akatia mkono mfukoni. Ka-ka-ka.

"Nini hiki?" Mwenyekiti akapiga kelele. "Nini kinaendelea?"

Mwanasheria wake, kijana mnyoofu, alikuwa ameshafungua kifungu cha tisa. "Maadamu mzozo unaendelea," akasoma, akafunga kitabu. "Mheshimiwa, nadhani umekwisha."

"Haukwishi! Nani kasema unakwisha!" Akaukanyaga mnyororo wa baraza, akaja moja kwa moja hadi uchochoroni amwone Shebe kwa macho yake. Huko ndani Shebe alikuwa ameshatia tonge la kwanza, machozi yanamtoka, tukasema ni pilipili. "Mama! Mzozo huu una matawi mia mbili na kumi! Una wabia! Nakushitaki leo, wewe na huyu fundi, leo hii mahakamani! Mtalipa kila kikombe!"

Hakuwa ameangalia aliposimama. Alikuwa amesimama pale penyewe, chini ya ukingo, na maji yote ya paa la Shebe yalikuwa yanamshukia utosini, yanapita kwenye kola, yanatokea kwenye viatu. Wabia wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu yake.

Bi Mize alimtazama mtu mzima yule anatetemeka, tumbo linamlia hadi sisi tunalisikia kupita mvua. Akarudi ndani. Tukasikia sahani ya tatu inawekwa mkekani.

Ngwali akanigusa kiwiko. Kanuni ya chakula tuliwaambia wenyewe, hawakuiandika.

"Baba Tindwa," Bi Mize akaita, sauti laini ambayo haimo katika toleo lolote, "kesi utaifungua ukishiba. Vua viatu, mwanangu, ingia ule."